Bomba la Upande wa Kichochoro

Tanuri letu la mikate lilikuwa na mabomba mawili. La chini liliingiza hewa na la juu lilitoa moshi. La chini sina ugomvi nalo, lilifanya kazi yake vizuri mpaka tulipolibomoa tanuri lenyewe. Haya ninayoyaandika yanahusu la juu, na yananihusu mimi niliyeamua lielekezwe wapi.

Tulikuwa tunakaa Mabibo, kwenye nyumba yetu ya vyumba vitatu na ua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani pamoja na wenzake wengi, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka asubuhi, anavaa shati la kazini, kisha anakaa barazani bila kazi. Unga wa ngano, ambao zamani tuliupangia foleni mpaka miguu inavimba, sasa ulikuwa umejaa hadi kwenye vibanda. Kila mwanamke mtaani alikuwa na mradi wake: huyu kuku wa kisasa, yule maandazi, yule barafu za ubuyu. Mimi nikasema nitaoka boflo. Mume wangu akacheka, kisha akavua lile shati akaenda kutafuta matofali.

Tanuri tulilijenga ndani ya stoo, chumba kidogo cha nyuma kilichopakana na kichochoro. Uani lisingestahimili mvua za masika. Tatizo la kuwasha moto mkubwa ndani ya nyumba ni hewa na moshi, na kwa hilo tukamwita fundi bati mmoja, mtu wa kusini, aliyekuwa akifua majiko na ndoo karibu na soko. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alizunguka stoo mara mbili, akapiga ukuta kwa vidole, akaangalia juu.

"Mama, moto unakula hewa," aliniambia. "Ukiuwasha humu bila kuuletea hewa ya nje, utamaliza hii mnayovuta nyie."

Alitaka bomba la kuingiza hewa lipite ukuta wa uani, chini kabisa, karibu na usawa wa kifundo cha mguu, mdomo wake uzibwe kwa wavu ili panya wasipite. Bomba la moshi alitaka lisimame wima, litoboe paa, lipande juu ya kipaa na livalishwe kofia ya kuzuia mvua. Akanionya kwamba midomo ya mabomba hayo isikae upande mmoja, maana tanuri litakuwa linavuta tena moshi wake lenyewe na mikate itanuka.

Alikuwa sawa kwa kila neno. Mimi ndiye niliyemkatalia, na sababu yangu ilikuwa bati.

Sijui kama vijana wa leo wataelewa. Bati zile tulizipata kwa kibali, miaka ile ambayo bati, saruji na hata sabuni vilitolewa kwa kibali. Tulisubiri miaka sita. Kwa miaka hiyo sita tulilala chini ya makuti yanayovuja, mabeseni yamepangwa kitandani na chini. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati zangu nilikaa macho kuisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Sasa mtu anasimama stoo kwangu na mkasi wake, ananiambia anataka kuzitoboa.

"Hazitobolewi," nilisema.

"Basi tulitoe ukutani, kisha tulipandishe kwa nje mpaka lipite mapaa," akasema. "Lakini malighafi iliyobaki haitoshi. Ningoje wiki moja nipate pipa jingine la kukata."

Wiki moja! Nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba Jumamosi naanza kuuza. Mimi nikishapanga jambo siwezi kukaa, mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Nikamwambia fundi alitokeze ukutani na aliishie hapo hapo, kichochoroni. Mengine tutamalizia baadaye.

"Moshi utaingia kwa jirani."

"Chumba kile hakai mtu. Wanaweka nazi na mkaa."

Akainua mabega. "Haya. Nyumba yako, mama."

Na kweli hakukaa mtu. Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee mmoja na mkewe, watu wa hapa hapa pwani, wakazi wa tangu Dar es Salaam haijafika Mabibo. Mzee alistaafu bandarini, akawa anauza nazi. Vyumba vya mbele walipangisha, wao wakabaki na vya nyuma. Mkewe ndiye aliyenipokea nilipoletwa mtaani bi harusi, ndiye aliyewaogesha watoto wangu wote wawili arobaini ya kila mmoja, na mimi nilimwita mama mkubwa. Nilipogombana na mume wangu nilikimbilia kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, akanirudisha.

Fundi akatoboa ukuta wa kichochoro. Tundu alilifanya pana kuliko bomba, akajaza nafasi iliyobaki kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ili joto lisipasue tofali. Bomba alililaza likipanda kidogo kuelekea nje, kwa kuwa moshi, alisema, hauteremki kilima. Nje likaishia kama mkono uliokatwa, kimo cha dirisha.

Siku ya kwanza moshi ulirudi wote ndani. Tulikohoa, tukalia machozi, mume wangu akaanza kumlaumu fundi, mpaka nilipotoka uani nikakuta ndoo yangu ya kufulia imeegeshwa mbele ya bomba la chini. Nilipoiondoa, moto ukavuma na moshi ukaondoka wenyewe. Tulicheka sana. Boflo za siku ile zilitoka na rangi nzuri, na ya kwanza nilimpelekea mama mkubwa, imefungwa kwenye kitambaa, moto. Alisema Mungu aiwekee baraka mikono yangu.

Mwezi wa mfungo tisa, ule unaotangulia Rajabu, mzee akafariki. Alianguka asubuhi akitoka kuswali, na adhuhuri tulikuwa tumeshatandika mikeka. Nilizima tanuri kwa siku tatu za matanga. Wanawake wa mtaa tulijaa kwenye nyumba ile, na ilipokuja habari ya wapi mama mkubwa atakalia eda, ikaonekana hakuna chumba isipokuwa kile cha nazi. Vyumba vya mbele walikuwamo wapangaji, wanaume wakipita mchana kutwa. Chumba chao cha kulala mlango wake ulitazama ukumbi. Kile cha kichochoroni ndicho kilichokuwa na sitara.

Mimi mwenyewe nilizitoa nazi. Nilifagia vumbi la mkaa, nikapiga deki, nikamtandikia kitanda. Nilipofungua dirisha ili chumba kikauke, bomba langu lilikuwa hapo mbele, hatua mbili tu, likinitazama. Nilisimama na kitambaa cha deki mkononi. Nikajiambia wiki hii nitamwita fundi.

Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani kwa mumewe ila kwa dharura, hajipambi, hachanganyiki na wanaume. Wako wanaoiona kifungo. Mama mkubwa hakuiona hivyo. Usiku wa hitima alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimekaa na yule bwana miaka arobaini na moja. Nataka niimalize eda yake ndani ya nyumba yake. Mie sina kingine cha kumfanyia sasa." Hayo aliniambia mimi, kwa mdomo wake, kwa hiyo siwezi kusema sikujua alichokuwa anakitaka.

Siku ya nne nikawasha tanuri.

Nilioka kuanzia alfajiri mpaka saa tatu. Saa hizo hewa ya kichochoroni haina pa kwenda, moshi unakaa hapo hapo unazunguka kama mgeni aliyekosa mlango. Mama mkubwa alifunga dirisha. Dirisha lake lilikuwa la mbao, lina nyufa, na chumba chenyewe ukikifunga ni joto la kumpika mtu. Nilipokwenda kumwamkia nilikuta doa jeusi kwenye nguo zake nyeupe za eda, mabegani. Alikuwa akilipukuta kwa ncha za vidole. Aliponiona akaacha, akaweka mikono mapajani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mikate inatoka?"

"Inatoka."

"Alhamdulillahi."

Jioni nilimpelekea boflo mbili badala ya moja. Tangu siku ile nilimpelekea mikate kila siku, iliyo mizuri kuliko yote, na nilikuwa nikirudi nyumbani moyo umetulia kidogo, kana kwamba tumeshalimaliza. Sasa ninapokumbuka naona haya. Alihitaji hewa, mimi nampelekea mikate.

Mama mkubwa alikuwa na pumu tangu ujana wake. Ilikuwa ikimshika siku za baridi, mara moja moja, tukimsugua mgongo inaondoka. Mwezi wa Rajabu ikaanza kumshika kila asubuhi. Nilikuwa nikimsikia kutoka stoo, upande wa pili wa ukuta, nikiwa napanga boflo kwenye trei. Wakati mwingine niliongeza sauti ya redio.

Alikuwa amekuja mdogo wake kutoka Bagamoyo kumhudumia, mama wa makamo, mpole. Siku moja huyo mdogo mtu akaja uani kwangu, akasimama mlangoni, hataki kukaa.

"Dada, samahani," alisema. "Huu moshi. Dada yangu kifua kinambana. Hulali nae mle, lakini sie tunaomuona, anapataga tabu sana. Kama lile bomba lingeinuliwa kidogo."

Kulikuwa na wateja wanne wamesimama pale wanasubiri. Nilikuwa nimechoka, nimeungua mkono asubuhi ile, na niliona kama nimeumbuliwa mbele za watu. Nikamjibu, "Kwani nyie kwenu hampikii kuni? Au moshi wa kwangu tu ndio unaoua?"

Wateja wakacheka. Yule mama akasema haya dada, akaondoka. Nilikuwa na ulimi mkali siku zile, watu wakiusifu, nami nikiufurahia. Kama ningeweza kuyafuta maneno hayo mdomoni mwangu, ningeyafuta kila siku.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba jioni ile ile mama mkubwa alimtuma mdogo wake. Nilidhani amekuja kurudisha tusi. Kumbe ameletwa kuniomba radhi. "Dada anasema usikasirike. Anasema mie sikutumwa, nilikuja kwa akili yangu tu. Anasema usikatize riziki ya watoto kwa ajili yake."

Nikalia pale pale, lakini kulia hakukupandisha bomba.

Mwezi wa Shaabani nilimwendea fundi, nikitaka niwe nimefanya angalau jambo moja. Akafua vipande vitatu vya bomba, kona moja na kofia, akavileta akaviegemeza ukutani uani kwangu. Akaniuliza aanze lini. Nikamwuliza kazi itachukua muda gani. "Siku moja," akasema, "tena haifiki. Ila tanuri liwe limepoa." Mimi na mafundi tunajuana toka siku nyingi. Siku moja ya fundi kwangu ilikuwa na maana ya siku tatu au nne: leo kona imekataa, kesho amepata msiba, keshokutwa anatafuta ngazi. Na Ramadhani ilikuwa inaingia. Nilikuwa na maagizo ya mikate ya futari kutoka Mabibo nzima, na hoteli moja ya Sinza, na mama mmoja Ubungo aliyekuwa akichukua trei tatu kila siku. Siku nne za tanuri kulala ndani ya Ramadhani niliziona kama kuungua kwa nyumba.

Nikamwambia fundi baada ya Idi.

Nilikuwa pia na hesabu nyingine, ambayo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Eda ilikuwa inakwisha katikati ya mfungo mosi, wiki mbili hivi baada ya Idi. Akimaliza eda, nilijiambia, atarudi chumbani kwake, kile kitakuwa tena chumba cha nazi, na huenda hata isiwe lazima kulihamisha bomba. Nilikuwa nasubiri imwishie. Mume wangu aliniuliza mara mbili kuhusu vile vipande vya bomba. Mara ya pili nikamwambia aniache, kwani yeye ndiye anayeoka? Akaniacha. Nilizoea kuanika vitambaa vya mikate juu ya vipande vile.

Ramadhani nilioka mara mbili kwa siku, alfajiri na tena alasiri, ili mikate ifike kwenye futari ikiwa moto. Kwa hiyo moshi nao ulikuwa mara mbili. Mama mkubwa alikuwa anafunga. Tulimwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, akasema yeye si mgonjwa, ni kifua tu. Siku ya ishirini na saba, asubuhi, kilimbana mpaka vidole vikabadilika rangi. Mdogo wake alitoka nje anapiga kelele. Akaitwa kaka yao anayekaa Temeke, akaja na gari la kuazima, na shehe wa mtaa akaitwa, akasema hii ni dharura, sheria inaruhusu, mama atolewe aende penye hewa.

Alitolewa mchana kweupe. Walimfunika ushungi mpaka usoni, wakamshika huku na huku. Alikuwa anakataa. Alikuwa hana pumzi ya kusema, lakini alikuwa anakataa kwa kichwa na kwa mkono, akiushika mwimo wa mlango, na kaka yake akivibandua vidole kimoja kimoja akimbembeleza, "Twende dada, twende, Mungu anajua." Zilibaki siku kumi na nane. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza changu na unga mikononi, majirani wote wapo, na hakuna aliyenitazama. Ningependa mmoja angenitukana.

Kesho yake alfajiri sikuwasha tanuri. Nilimfuata fundi kwake kabla hajafungua kibanda. Alikuja na ngazi yake. Alifunga kona kwenye ule mdomo wa ukutani, akaunga kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akavipiga ribiti, akavishikiza ukutani kwa vibano viwili, akapanda akavalisha kofia juu ya mapaa. Akakandika viungo kwa udongo. Alipoteremka adhana ya adhuhuri ilikuwa bado.

"Tayari?" nikamwuliza.

"Tayari, mama. Udongo ukishika kidogo unaweza kuwasha."

Alasiri ile ile niliwasha. Moshi ulipanda juu kabisa, ukaondoka na upepo kuelekea barabarani, kichochoro kikabaki cheupe. Mikate ya futari haikukosekana hata kwa mteja mmoja.

Nilikwenda Temeke Idi pili, na mume wangu. Nilichukua kanga jozi moja na sukari, mikate sikuthubutu kubeba. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha ndani nyumbani kwa kaka yake, chumba kizuri, madirisha mawili, amekonda. Alikuwa anamalizia eda yake pale, kwenye nyumba isiyokuwa ya mumewe. Niliingia peke yangu, nikapiga magoti, nikaweka kichwa mapajani pake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalitoka mawili matatu tu.

"Nisamehe, mama mkubwa."

"Inuka mwanangu, inuka. Mie sina kinyongo na wewe." Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yangu. Alipumzika kidogo ndipo akaendelea, maana alikuwa akisema kwa vipande. "Bomba umelipandisha?"

"Nimelipandisha."

"Afadhali. Watakaokuja watalala. Kazi ilikuwa kubwa? Ilikuchukua siku ngapi?"

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Mpaka leo naamini hakuwa na nia yoyote nyingine. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilimtazama usoni, nikashindwa.

"Siku nne, mama mkubwa," nikasema. "Siku nne nzima tanuri limelala."

"Siku nne!" Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika mkono. "Ndani ya Ramadhani? Ungewezaga wapi, mwanangu. Na watoto wale, na mume hana kazi. Basi usijilaumu. Ningekuwa mie ningefanya kama wewe. Nimekusamehe, duniani na akhera."

Hakurudi Mabibo. Warithi waliiuza nyumba mwaka ule ule, na yeye akafariki Temeke kabla ya Ramadhani iliyofuata. Sisemi kwamba moshi wangu ndio uliomuua, pumu alikuwa nayo kabla sijazaliwa. Nilikwenda kwake mara nne au tano kabla hajafariki, na kila mara nilitoka nyumbani nimeazimia kumwambia, na kila mara nilikunywa chai nikarudi.

Alinisamehe siku nne ambazo hazikuwapo. Ile asubuhi moja ya kweli sikumwomba anisamehe, na sasa hayupo wa kumwomba.